Re: Mtoto anataka jezi ya kwotabeki wa Browns, nimnunulie?

[Kutoka Parma]

Wanajumuiya salaam. Sisi ndo ile familia mpya ya Parma, tumehamia huku Ohio tukitokea Texas. Nina swali dogo tu la maisha. Kule ghalani kila Jumatatu stori ni Browns, Browns, ile timu ya mpira wa Kimarekani ya Cleveland, mimi nakaa kimya maana najua Yanga na Arsenal basi. Sasa kijana wangu wa darasa la saba kanigandia anataka jezi ya Shedeur Sanders, bei yake dola mia na zaidi. Halafu kuna jamaa kazini anataka tuchangie tiketi za msimu mzima. Je ni matumizi ya maana kwa mtu anayeanza maisha? Na huyu Sanders ni nani hasa, mbona nasikia si yeye aliyeanza msimu? Asanteni.

[Kutoka Lakewood]

Mdogo wangu karibu sana. Mimi niko Lakewood na hii timu naifuata tangu nifike nchi hii kwa hiyo univumilie nikiandika refu, hili jambo linaniuma kweli.

Jibu la haraka: jezi ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, usinunue. Sanders mwenyewe sina tatizo naye, kijana nampenda, ila tangu Browns warudishwe kwenye ligi ya NFL 1999 waliopangwa kuanza mechi kama kwotabeki wamepita 40, arobaini wewe, hapo unanunua jina ambalo mwakani halipo. Mtoto akilia sana mnunulie namba 95 ya Myles Garrett. Yule alichaguliwa wa kwanza kabisa 2017 na mpaka leo yupo anawaangusha makwotabeki wa wenzetu, 2023 alikuwa mchezaji bora wa ulinzi ligi nzima.

Sasa nikueleze ili Jumatatu na wewe uwe na la kusema. Huku hakuna usajili kama wa Simba na Yanga, ati mwenye hela ndo anabeba mchezaji. Vijana wa vyuoni wanachaguliwa kila Aprili kwa zamu, raundi saba, inaitwa drafti, na timu iliyofanya vibaya zaidi ndo inaanza kuchagua. Kijana akishachaguliwa mkataba wake ni miaka minne kwa bei iliyopangwa tangu makubaliano ya 2011, na kama ni wa raundi ya kwanza timu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano. Siri yote iko hapo. Kila timu ina kikomo cha mishahara, msimu wa 2025 kilikuwa dola milioni 279 na ushee, kwa hiyo ukimpata kwotabeki mzuri akiwa bado kwenye mkataba wake wa kwanza basi hela inayobaki unanunua mabaunsa wa kumlinda mbele, unanunua wadakaji, unanunua ulinzi. Hakuna mali kubwa kuliko hiyo kwenye mchezo huu, na sisi tumepewa nafasi ya kuipata mara ngapi, tumeitupa.

Anza na Tim Couch, 1999, namba moja ya drafti nzima. Timu ndo kwanza imeundwa upya, mabaunsa wa mbele hawapo, mechi ya kwanza kabisa Pittsburgh wakatupiga 43-0 na kijana akaingizwa humo humo. Msimu ule aliangushwa na mpira mkononi mara 56. Unamkabidhi kijana daladala isiyo na breki halafu ikianguka unasema dereva hajui. Baadaye tukaja na Brady Quinn 2007, Brandon Weeden 2012 ambaye tayari alikuwa na miaka 28, umri ambao wenzake walishacheza misimu mingi, na Johnny Manziel 2014. Wote watatu walichaguliwa namba 22, namba ile ile, na hakuna aliyedumu.

Ila inayonikosesha usingizi ni ya 2016 na 2017. 2016 tulikuwa na chaguo la pili la drafti nzima, na zamu hizi timu huuziana, tukaiuza kwa Philadelphia, wao wakamchukua Carson Wentz. Msimu uliofuata Wentz akawafikisha mbali, akaumia Desemba, mtu wa akiba Nick Foles akamalizia wakabeba Super Bowl, ubingwa wa ligi nzima. Sisi msimu wa 2016 tulimaliza 1-15, ushindi mmoja na vipigo 15. Haya, 2017 tukamchukua Garrett, sawa kabisa, halafu tukawa na namba 12 vilevile, tukawauzia Houston, na Houston kwa namba hiyo wakamchukua Deshaun Watson. Sisi tukachukua kwotabeki raundi ya pili, DeShone Kizer, tukamtupa uwanjani wiki ya kwanza, msimu ukaisha 0-16. Mechi kumi na sita hatujashinda hata moja! Kocha Hue Jackson rekodi yake hapa ilikuja kuwa ushindi 3, vipigo 36, sare 1, na baada ya ile sifuri bado walimwachia timu msimu mwingine ili amlee kwotabeki mwingine wa namba moja.

Huyo mwingine ni Baker Mayfield, 2018. Na huyu ndo wa kunifanya niandike hivi. Alikuja akatupa mipira 27 ya tachidauni, yaani bao la mchezo huu, msimu wa kwanza, rekodi ya mchezaji mgeni kwenye ligi wakati ule. Lakini hesabu makocha wake: Hue Jackson akafukuzwa katikati ya msimu, akaja Gregg Williams wa muda, 2019 akaja Freddie Kitchens msimu mmoja naye nje, 2020 Kevin Stefanski. Makocha wanne ndani ya misimu mitatu. Kila kocha ana lugha yake ya kuita michezo, kijana anajifunza upya kila mwaka, na bado 2020 alitufikisha 11-5 na Januari tukaenda Pittsburgh kwenye mtoano tukawapiga 48-37, mji huu watu walilia barabarani. 2021 akacheza na bega la kushoto limechanika. Hakupewa hata nafasi ya kupona. Machi 2022 tukaenda Houston kumchukua nani? Watson yule yule ambaye 2017 tungempata kwa namba 12 tuliyokuwa nayo mkononi. Safari hii tukatoa chaguo tatu za raundi ya kwanza, za 2022, 2023 na 2024, na nyingine juu yake, na mkataba wa miaka mitano dola milioni 230 zote zimehakikishwa, acheze asicheze analipwa.

Na haya nayasema bila kuficha: wanawake zaidi ya 20 walikuwa wamemfungulia kesi za madai za udhalilishaji. Ligi ikamfungia mechi 11 na faini milioni 5. Nina mabinti wawili, wakaniuliza baba hivi huyu ndo wetu, sikuwa na jibu. Kimpira pia hakikuwepo kitu, aliumia bega, halafu Oktoba 2024 mshipa wa kisigino ukakatika, halafu ukakatika tena. Mwenye timu Jimmy Haslam alikuja kukiri hadharani Machi 2025 kwamba walikosea. Baker sasa hivi yuko Tampa Bay, kashinda mechi ya mtoano huko, na tulimwachia kwa chaguo moja tu la chini.

Tuje msimu wa 2025. Chumba cha makwotabeki kilijaa watu watano: Watson majeruhi, Joe Flacco aliyekuwa amefikisha miaka 40, Kenny Pickett waliyemleta Machi wakamwondoa Agosti kabla hajacheza, Dillon Gabriel raundi ya tatu, na Sanders raundi ya tano namba 144. Drafti moja makwotabeki wawili! Flacco akaanza mechi nne, wakampa Gabriel, Flacco wakamuuza Cincinnati ambao ni wapinzani wetu wa kundi moja, Gabriel akaumia kichwa kwenye mechi na Ravens wa Baltimore, ndo Sanders akaingia, na mechi yake ya kwanza kuanza kule Las Vegas akashinda 24-10. Mazoezi ya kabla ya msimu yaligawanywa vipande vipande, hakuna aliyepata muda wa kutosha na wadakaji. Sasa utamhukumu vipi kijana kama huyo? Wangapi wamelelewa hivyo wakatoka?

Angalia wenye timu zao wanavyofanya. Green Bay walimchagua Aaron Rodgers 2005, akakaa nyuma ya Brett Favre misimu mitatu. Jordan Love 2020, naye akakaa misimu mitatu. Kansas City walimpata Patrick Mahomes 2017, akakaa karibu msimu mzima nyuma ya Alex Smith, kocha Andy Reid yule yule. Pittsburgh tangu 1969 hadi msimu wa 2025 walikuwa na makocha wakuu watatu tu. Kwotabeki ni wa mwisho kuchaguliwa, kwanza unajenga nyumba: kocha atakayekaa, mabaunsa watano wa mbele, na meneja ambaye haogopi kufukuzwa mwezi ujao. Sisi tunaanza na paa kila mara.

Na kwa nini hawajifunzi? Ligi hii hakuna kushuka daraja, mdogo wangu. Kule Uingereza ukiongoza klabu ovyo unashuka na hela ya televisheni inapotea. Huku hela za televisheni zinagawanywa sawa kwa timu zote 32, ukimaliza 0-16 unapata mgao sawa na bingwa na juu yake unapewa namba moja ya drafti. Mwenye timu hana cha kuogopa. Anayepoteza ni sisi tuliokaa kwenye upepo wa ziwa Erie mwezi wa kumi na mbili.

Kuhusu tiketi za msimu: usichange. Viti vingi vya msimu vinadai kwanza ulipie haki ya kiti chenyewe, hiyo ni juu ya tiketi, na mwakani jamaa akihama kazi mtagombana. Mechi za Browns kwa hapa mjini zinaonyeshwa kwenye stesheni za kawaida bila malipo, nunua antena ya kuweka dirishani, huhitaji kebo wala mtandao wa kulipia. Ukitaka kuonja siku moja, njoo asubuhi pale Muni Lot, maegesho ya magari karibu na uwanja, watu wanachoma nyama kuanzia kabla jua halijachomoza, utakaribishwa sahani na mtu hujawahi kumwona. Vaa nguo mbili mbili na soksi za sufu.

[Kutoka Akron]

Kaka wa Lakewood pole, naisikia hasira mpaka huku. Ila mimi nakupinga kidogo. Unalaumu kubadilisha makocha, mbona Stefanski alikaa misimu sita, 2020 hadi 2025, na mara mbili alichaguliwa kocha bora wa mwaka, 2020 na 2023? Mbona bado tunahangaika? Tatizo nadhani ni yule mwenye hela anayeingiza mkono kwenye kila kitu. Halafu kuhusu watoto, mwanangu wa kiume alitaka kucheza ile ya kugongana, nikakataa kwa ajili ya kichwa, nikampeleka ile ya kuchomoa bendera kiunoni, sasa hivi anapenda kuliko. Na ni mchezo wa Olimpiki Los Angeles 2028, kwa hiyo si wa kitoto kama wanavyosema.

[Kutoka Lakewood]

Dada, hapo umenigusa na nakubali nusu. Stefanski kweli alipewa muda, lakini kocha akipewa muda huku kwotabeki anaamuliwa ghorofani na bajeti imeshaliwa na mkataba mmoja, huo muda unamsaidia nini? Tazama 2023, walivyomwokota Flacco kutoka nyumbani kwake mwishoni mwa msimu, kocha akawa na mtu anayeweza kurusha tu, tukafika mtoano. Houston wakatutoa 45-14, na Houston walikuwa na C.J. Stroud, kijana wao wa msimu wa kwanza, wakati chaguo zetu za raundi ya kwanza zilikuwa mikononi mwao. Hiyo mechi niliizima kabla haijaisha. Kwa hiyo ndio, mwenye timu. Meneja Andrew Berry naye amepona kila mwaka na mimi sielewi kwa hoja ipi.

Kwa drafti ya Aprili 2026 tulikuwa na chaguo mbili za raundi ya kwanza, yetu na ya Jacksonville, waliyotupatia tulipowaachia chaguo la pili la drafti ya 2025. Maombi yangu yalikuwa moja: zote mbili ziende kwa watu wa kumlinda na kumdakia kwotabeki. Sanders apewe msimu mzima wa 2026, kocha mmoja, mabaunsa wapya, mazoezi yote ya kiangazi awe wa kwanza kwenye foleni. Akishindwa hapo nitasema ameshindwa. Wakikimbilia tena kijana mwingine raundi ya kwanza na kumweka nyuma ya mabaunsa wale wale, tutaandikiana haya haya 2028.

Halafu jambo la hela ambalo wengi hapa hamjaliona. Bajeti ya jimbo iliyosainiwa Juni 2025 imetenga dola milioni 600 kwa uwanja mpya wa Browns huko Brook Park, na hela hizo zinatoka kwenye fedha zisizodaiwa, zile zilizokaa zaidi ya miaka kumi bila mwenyewe kujitokeza. Kuna watu wameenda mahakamani kupinga. Fedha hizo ni za watu kama sisi: dipoziti ya umeme uliyoacha ulipohama, cheki ya mwisho ya kazi iliyorudi kwa sababu anwani ilibadilika, akaunti ya benki uliyoisahau, bima ya marehemu. Sisi wahamiaji tunahama sana na majina yetu yanaandikwa vibaya. Ingieni kwenye tovuti ya Idara ya Biashara ya Ohio, kitengo cha fedha zisizodaiwa, tafuteni jina lenu kwa kila namna lilivyowahi kukosewa, na la mume au mke pia. Kutafuta ni bure, akitokea mtu anayetaka asilimia ili akutafutie mkatalie. Mimi nilikuta dipoziti ya nyumba yangu ya kwanza, na shemeji yangu alikuta zaidi.

Mdogo wangu wa Parma, Jumapili leta kijana kwangu, antena inashika vizuri na tuko wengi. Mwambie achague mwenyewe kati ya 95 na jezi isiyo na jina.