Kwa nini mkojo hauwasombi bakteria wote kutoka kwenye kibofu?

Msomaji wa Biolojia aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Ninasoma sura inayohusu maambukizi ya njia ya mkojo, na kuna jambo moja ambalo kitabu kimelipita haraka mno. Kimeeleza kwamba Escherichia coli hujishikiza kwenye ukuta wa kibofu kwa vinyweleo vya protini vilivyo juu ya mwili wake, kisha kikaendelea na dalili na matibabu. Kibofu hujaa na kumwagwa mara kadhaa kwa siku, na bakteria huyu ana urefu wa mikromita 2 tu. Anashikilia nini hasa, na kwa nguvu gani, hata mkondo wa mkojo ushindwe kumng'oa? Tena, je, vinyweleo hivyo ndivyo ile mijeledi anayoitumia kuogelea?

Hadubini alijibu:

Nianze na swali la mwisho, kwa kuwa jibu lake ni fupi: sivyo. Mjeledi huzungushwa na mota iliyo kwenye utando wa bakteria, na kazi yake kuu ni mwendo. Vinyweleo unavyovizungumzia huitwa fimbria. (Vitabu vingine huziita pili, neno ambalo kwa Kiswahili huchanganywa na hesabu, kwa hiyo mimi hulikwepa.) Zile zinazotumika kwenye kibofu ni fimbria za aina ya 1, zina unene wa takriban nanomita 7 na urefu wa mikromita 1 hadi 2, na bakteria mmoja anaweza kuwa nazo mamia, zimemzunguka pande zote.

Shina la fimbria ni nakala nyingi za protini iitwayo FimA, zilizojipanga mzunguko juu ya mzunguko kama springi. Kwenye ncha kabisa huwa kuna protini nyingine, FimH, na hiyo ndiyo inayoshika. FimH ina kishimo kidogo ambamo sukari ya manosi huingia na kutulia barabara. Seli za juu kabisa za ukuta wa kibofu zimefunikwa na protini ziitwazo uroplakini, na mojawapo imebeba minyororo ya sukari yenye manosi. Kwa hiyo bakteria hashikilii ukuta kwa ujumla wake kama kitu chenye gundi. Anashika sukari mahususi mahali mahususi.

Kuhusu nguvu, hapo ndipo nilipovutiwa mimi nilipokuwa mwanafunzi kama wewe. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walionyesha kwamba mshiko wa FimH huongezeka nguvu mkondo unapoongezeka. Fikiria fundo la tanzi: kadiri unavyovuta, ndivyo linavyokaza. FimH ina sehemu mbili. Mkojo ukitulia, sehemu hizo hukaa zimebanana, kishimo hubaki wazi kiasi, na bakteria anaweza kuachia na kusogea. Mkondo ukianza kumvuta, sehemu hizo hutengana, na kishimo hufumba juu ya manosi. Wakati huohuo ile springi ya FimA hujikunjua na kurefuka, ikipunguza mshtuko ambao ungeikata ncha ghafla.

Mhudumu wa Maabara aliongeza:

Maelezo ya Hadubini ni sahihi, nami ningependa kuongeza jambo linaloonekana kwa macho. Weka kwenye kioo tone la seli nyekundu za damu ya simbilisi zilizooshwa, changanya na tone la bakteria wenye fimbria za aina ya 1, kisha inamisha kioo taratibu huku na huku. Baada ya muda mfupi tone lile la waridi hukatikakatika na kuwa chembechembe kama mchanga mwekundu, kwa sababu bakteria wamezifunga seli pamoja. Rudia kwa kutanguliza manosi kidogo, na tone litabaki laini. Kwa glukosi ya kawaida hutapata zuio hilo.

Hata hivyo, tusiseme kwamba bakteria wote hutafuta manosi. E. coli wengi wanaopanda hadi kwenye figo wana fimbria aina ya P, ambazo ncha yake, PapG, hushika galaktosi mbili zilizoungana kwa namna maalumu. Sukari hiyo imo pia katika kundi la damu liitwalo P, na watu wachache wasio nayo seli zao hazigandamani katika jaribio hili. Wapo pia E. coli wa kuharisha ambao huenda mbali zaidi: ilidhihirika mwaka 1997 kwamba huisukuma protini yao wenyewe, Tir, ndani ya seli ya utumbo, nayo huchomoza juu ya utando na kuwa kishikio chao.

Msomaji wa Biolojia aliandika:

Nawashukuru sana. Ikiwa kishimo cha FimH hujazwa na manosi, basi kwa nini mgonjwa asipewe manosi anywe?

Hadubini alijibu:

Mwili wenyewe hutumia njia hiyo. Figo hutoa kwenye mkojo protini iitwayo uromodulini, yenye manosi nyingi, ambayo bakteria huishika wakidhani wamefika, kisha hutoka nayo. Lakini manosi moja moja hushikwa kwa ulegevu kuliko mnyororo. Katika jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2024, wanawake 598 wenye maambukizi ya kujirudia walipewa ama manosi ama kitu kisicho dawa kila siku kwa miezi 6, na manosi haikupunguza maambukizi kwa kiwango cha maana.

Mhudumu wa Maabara aliongeza:

Ukipata nafasi ya kufanya lile jaribio la kioo, usiwachukue bakteria moja kwa moja kutoka kwenye agari (rojo lililoganda la kuoteshea bakteria). Kuna kipande cha DNA chenye jozi 314 za besi ambacho hugeuka huku na huku kama swichi: kikielekea upande mmoja fimbria hutengenezwa, kikielekea upande mwingine hazitengenezwi. Kwenye agari wengi huwa wamezima. Waoteshe kwenye mchuzi wa virutubisho usiotikiswa, nyuzijoto 37, kwa saa 48, ndipo uchukue tone lako.