Mkatoliki mwenye mashaka abaki au atoke? Mimi nimebaki

Ndugu zangu, hoja iliyo mezani ni kwamba Mkatoliki aliyeingiwa na mashaka, akiendelea kupanga foleni ya komunyo, ni mnafiki na afadhali atoke. Mimi ni mmoja wa hao mnaowasema. Naomba nami nisikike.

Tangu tumzike baba, kila Jumapili tukisali Nasadiki, sala yetu ya kukiri imani, nakwenda vizuri mpaka kwenye ufufuko wa wafu. Hapo sauti inakata. Nasimama kimya, wa kulia na wa kushoto wanaendelea, nami naja kudakia "Amina". Mwanzoni nilijiona mwongo. Kisha siku moja nikaisikia vizuri sala ya padre kabla ya kutakiana amani, ile niliyoiacha ipite masikioni tangu utotoni: anamwomba Bwana asiangalie dhambi zetu, bali imani ya Kanisa lake. Haombi iangaliwe imani yangu mimi. Tangu hapo, nikinyamaza najua wenzangu wanasali na sehemu yangu.

Mnaosema mashaka ni kukosa imani, Mama Teresa wa Kalkuta mnamweka wapi? Barua zake zilichapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zikaonyesha kwamba kwa karibu nusu karne alisali gizani bila kumhisi Mungu. Barua zilishasomwa na kila mtu, na bado mwaka 2016 Kanisa likamtangaza mtakatifu. Tereza wa Mtoto Yesu naye, mtawa Mfaransa aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, alimaliza maisha yake akisongwa na wazo kwamba mbinguni hakuna kitu. Leo ni Mwalimu wa Kanisa, cheo wanachopewa watakatifu wachache ambao mafundisho yao yanaliongoza Kanisa zima.

Kuhusu kashfa za mapadre kuwanyanyasa watoto kingono, hapo sibishani na aliyeondoka. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Pennsylvania, Marekani, mwaka 2018 ilitaja mapadre zaidi ya 300 na watoto zaidi ya 1,000 walioumizwa, huku wakubwa wakificha. Anayeniambia ninyamaze ili kulilinda Kanisa, huyo ndiye ninayebishana naye. Watoto wale ni Kanisa pia.

Lakini kilichonishika hasa si hoja. Usiku wa mwisho wa baba, padre alikuja na kichupa kidogo cha mafuta ya wagonjwa. Baba alikuwa hasemi tangu jana yake, hatujui hata kama anasikia. Padre akampaka kwenye paji la uso. Kabla hajaigusa mikono, baba akaigeuza mwenyewe, viganja juu. Alijua kinachofuata. Mtu aliyekuwa hawezi tena kumeza maji alilikumbuka hilo.

Sisemi huo ni ushahidi wa ufufuko. Ungekuwa ushahidi nisingekuwa nakwama pale kwenye Nasadiki. Ila mtume Petro alipoulizwa na Yesu kama naye anataka kuondoka, hakudai kwamba ameelewa kila kitu. Aliuliza aende kwa nani. Nami nikiambiwa nitoke, naviona vile viganja, nakosa pa kwenda.

Sasa mliotoka, nawauliza kwa moyo mmoja, maana wengine ni ndugu zangu wa damu: usiku kama ule ukiwafikia, mnashika nini?