Mjadala: Mtafiti akiandika hadithi, ihesabiwe kazi?

Mwanzilishi wa mada, Kisumu
Mimi ni mtafiti wa mbu wa malaria huku kandokando ya Ziwa Victoria. Usiku huandika hadithi za kisayansi kwa Kiswahili. Nilipoomba kupandishwa cheo, mkubwa wangu alinishauri nizitoe kwenye wasifu kazi, jopo lisije likadhani sina shughuli. Nilizitoa, na hadi leo naumia.

Nasema zihesabiwe. Fred Hoyle, mwanaastronomia wa Uingereza, alitoa riwaya ya The Black Cloud mwaka 1957. Mwaka huohuo yeye na wenzake watatu walichapisha makala maarufu ya kueleza jinsi elementi zinavyoundwa ndani ya nyota. Nani atasema riwaya ilimpotezea muda?

Mwalimu wa kemia, Nakuru
Pole ndugu yangu, lakini mshika mbili moja humponyoka. Isaac Asimov, mtunzi mashuhuri wa hadithi za kisayansi, alikuwa akifundisha baiokemia Boston University, Marekani. Mwaka 1958 aliacha kufundisha, akabaki kuandika tu. Wewe unalipwa kuchunguza mbu. Tena makala ya utafiti hupitiwa na wataalamu wenzako kabla ya kuchapishwa. Hadithi jopo litaipima kwa kipimo gani? Andika, ila usidai cheo kwa hadithi.

Muuguzi, Homa Bay
Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa kwetu mwaka 2019, akina mama waliuliza: mbona dozi nne? Mbona mtoto bado alale ndani ya neti? Nilianza na maelezo ya kitabuni, nikaona macho yanahama. Nikageuza kisa: askari waliomo mwilini wanaonyeshwa sura ya adui, wanaisahau, wanaonyeshwa tena, na hata hivyo adui mmoja mmoja hupenya, ndiyo maana mlango ufungwe kwa neti. Hapo tukaelewana. Watafiti wangetuandikia visa vya namna hiyo, vilivyo sahihi, tusingebuni vyetu katikati ya foleni ya kliniki. Hiyo ni kazi.

Mwanzilishi wa mada, Kisumu
Asante sana dada. Mwalimu, kwenye kipimo umenibana, nakubali. Lakini tazama hili. Carl Sagan, mwanaastronomia wa Marekani, alipokuwa akiandika Contact, riwaya iliyotoka 1985, alimwomba rafiki yake Kip Thorne, mwanafizikia, amtafutie njia ya kumfikisha mhusika wake kwenye nyota za mbali bila kuvunja kanuni za fizikia. Thorne akakaa na hesabu zake. Mwaka 1988 yeye na mwanafunzi wake Michael Morris wakachapisha makala katika jarida la fizikia kuhusu vichochoro vya kukatiza anga. Swali lilitoka kwa mtunzi, likaishia kwa wataalamu unaowataka wewe.

Basi jopo liulize hadithi imezaa nini: swali jipya la utafiti, au mama aliyerudi kliniki kwa dozi ya nne. Zangu nazirudisha kwenye wasifu kazi wiki hii.

Mwalimu wa kemia, Nakuru
Kwa kipimo hicho, nitakuunga mkono. Ila mbu wasikupungukie.