Pikapu inagonga mbele (kikundi cha familia, Wete, Pemba)

*Jumatatu*

Juma: Assalaam alaykum jamaa. Ami Hamadi, upo? Pikapu inagonga mbele, upande wa kushoto. Na kesho asubuhi wachumaji wa karafuu wananisubiri Konde.

Ami Hamadi: Waalaykum salaam mwanangu. Inagonga vipi? Chuma kwa chuma au raba za bushi zinalia?

Juma: Chuma. Nikiingia shimoni "ko!", nikikata kona naisikia nyengine. Usukani nao haushiki njia, nikilegeza kidogo tu gari inakwenda ubavuni. Mpira wa kushoto umelika upande wa ndani.

Bi Rukia: Si juzi tu ilitoka kwa fundi hii?

Juma: Alitia shokapu mpya, mama. Mlio uko vilevile.

Ami Hamadi: Mimi naidhania boljointi ya chini. Juma, kesho usibebe mtu. Wapigie simu wa Konde wapande daladala.

Ami Hamadi: Kwa wasioijua: ni kile kifundo kinachounganisha mkono wa suspensheni na chuma kinachobeba tairi. Ndani mna tufe la chuma limekaa kwenye kikombe, ndiyo maana tairi inapanda na kushuka na huku inakata kona. Raba yake ikichanika, maji na mchanga vinaingia, grisi inatoka, chuma kinasaga chuma. Mwisho wake tufe linachomoka, tairi inajikunja chini ya bodi, na usukani unao mkononi lakini gari haikusikilizi. Hilo ndilo linalonitia hofu, maana nyuma mnakaa watu juu ya magunia.

Khamis (Unguja): Kweli Ami. Lakini tuhakikishe kwanza, isije ikawa beringi ya tairi tukanunua spea bure.

Ami Hamadi: Umesema. Juma, iweke pahala pa sawasawa, vuta handibreki, tia mawe kwenye mipira ya nyuma. Pikapu yetu ile fito ya springi imekamata mkono wa chini, kwa hiyo jeki ikae chini ya mkono wenyewe, karibu na tairi. Ukiinyanyua kwa chesisi, springi inaibana boljointi na uchakavu wake hauuoni. Mpira ukiacha ardhi vidole viwili, pitisha mtaimbo chini yake uunyanyue, na mwenzako amulike tochi pale kwenye kifundo.

Juma: Na beringi nitaijuaje?

Ami Hamadi: Ushike mpira juu na chini uutikise, mtu akanyage breki. Mtikisiko ukipotea ni beringi. Ukibaki ni kifundo.

*Jumanne*

Juma: [picha] Tazama Ami. Raba imepasuka, ndani hamna grisi tena, kutu na udongo mwekundu mtupu. Breki imekanyagwa na bado inacheza. Ya kulia nayo inacheza, ila kidogo.

Ami Hamadi: Basi zote mbili za chini. Za juu kama hazichezi na raba zao nzima, ziacheni.

Bi Rukia: Shemegi, mbili za nini na karafuu zenyewe bado ziko majamvini? ZSTC, shirika linalonunua karafuu, hatujapeleka hata kilo.

Ami Hamadi: Najua shemegi. Lakini zimetembea masafa yaleyale, na ya kulia imeshaanza. Tukiiacha, tutamlipa fundi tena na alaimenti, kule kunyoosha tairi, tena. Nusu natoa mimi.

Bi Rukia: Allah akubariki.

Khamis (Unguja): Nitazitafuta hapa mjini. Juma nitumie namba ya chesisi.

Ami Hamadi: Khamis, usinunue kwa kutazama boksi. Raba iwe laini, haina ufa. Fimbo inayotoka kwenye tufe ukiizungusha iende kwa uzito, isilegee. Nati na pini ya kuizuia isifunguke ziwemo. Ya bei ya kutupa waachie wenyewe.

*Alkhamisi*

Khamis (Unguja): Nilimpa jirani aliyekuja na boti ya Mkoani. Zimefika?

Juma: Zimefika kaka, ahsante. Fundi ameshaanza, lakini ya zamani imegoma kutoka. Anataka kuipiga nyundo kichwani.

Ami Hamadi: Mwambie asipige hapo! Fimbo ile imechongwa nyembamba kwenda mwisho, imejikaza ndani ya tundu. Nati aiache imeshika nyuzi chache, mkono usije ukaruka ghafla. Halafu apige ubavu wa lile jicho la chuma lenye tundu, nyundo mbili kwa pamoja, huku na huku. Itajiachia. Jeki ibakie imebeba mkono, na stendi chini ya chesisi. Breki isining'inie kwa paipu yake, aifunge kwa waya.

Juma: Imetoka! Alhamdulillahi.

Ami Hamadi: Tundu lipanguswe kwa kitambaa kikavu, lisitiwe grisi. Nati aikaze kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa kukisia. Matundu ya pini yasipokutana, akaze mbele kidogo, asiirudishe nyuma. Pini iwe mpya. Mwisho atie grisi kwenye nipo, kile kichuchu cha kutilia grisi, raba ikianza kuvimba aishie hapo, akizidisha ataipasua.

Juma: Zote mbili tayari. Nimeizungusha mtaani, mlio hakuna. Bado inavuta kidogo kushoto.

Ami Hamadi: Hiyo ni alaimenti. Kesho nenda Chake, tupu, taratibu. Ukirudi fundi azipitie tena bolti zote.

Bi Rukia: Kwa hiyo wa Konde niwaambie Jumamosi?

Ami Hamadi: Jumamosi, baada ya alfajiri.