PR yangu (ombi la kuunganisha msimbo wangu kwenye mradi) ya bekiendi, yaani upande wa seva, imeota kutu miezi mitano. Niisukume au niiache? Naomba ushauri

fundi_wa_seva (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni mtu wa bekiendi. Nilianza kuchangia programu huria za masomo kwa plagini (viongezo) ndogo za Moodle, jukwaa la masomo la mtandaoni, PHP tupu, halafu nikahamia mradi mwingine ulioandikwa kwa Python na Django, kiunzi cha kujengea tovuti. Jina la mradi naomba nisilitaje, sijaja kumsema mtu.

Kisa chenyewe ni ukurasa wa alama wa mwalimu. Darasa la wanafunzi 30 unafunguka bila shida. Darasa la wanafunzi 2,000 mwalimu anaweza kwenda kunywa maji, akarudi, akakuta bado unazunguka. Nikawasha kumbukumbu za hifadhidata, nikakuta kila mwanafunzi anapigiwa kwiri (maombi ya data kwa hifadhidata) zake peke yake: moja ya jina, moja ya kikundi, moja ya alama. Zaidi ya kwiri 6,000 kwa ukurasa mmoja! Nikarekebisha, zikabaki 9.

Tatizo (nakiri mapema kabla hamjanirukia) ni kwamba nikiwa humo humo ndani nikabadilisha na majina ya fanksheni, nikahamisha faili, nikaongeza na kache ya Redis, yaani hifadhi ya muda ya majibu ili yasitafutwe upya. PR ikafika faili 37. Mtu mmoja akaandika "asante, tutaangalia". Basi. Nimesharekebisha migongano ya matawi (msimbo wangu ukigongana na mabadiliko ya wengine) mara tatu, na wiki iliyopita boti ikaibandika lebo ya kwamba imechakaa.

Maswali mawili. Niendelee kuisukuma au niachane nayo? Na la pili, kwenye wasifu wangu wa kazi niandike nini? Rafiki yangu wa frontiendi, upande unaoonekana na mtumiaji, anaonyesha picha za kurasa alizotengeneza. Mimi nionyeshe nini, ukimya wa seva?

kwiri_moja_tu

Faili 37 mkuu? Hata mimi ningejifanya sijaiona.

Vunja. PR ya kwanza iwe na vitu viwili tu, marekebisho ya kwiri na jaribio lake. Django inakupa assertNumQueries, kipimo cha idadi ya kwiri, itumie. Tengeneza wanafunzi 5, hesabu kwiri, kisha tengeneza 50, hesabu tena. Idadi ikiwa ileile, mpitiaji hana haja ya kukuamini kwa maneno, jaribio limeshasema. Na mara nyingi dawa yenyewe ni select_related hapa na prefetch_related pale (amri za Django za kuvuta data zinazohusiana kwa pamoja), mistari isiyozidi ishirini.

Majina ya fanksheni yaache kabisa kwa sasa. Kache nayo ing'oe, hiyo ni kesi nyingine. Alama ni kitu nyeti. Mwalimu amebadilisha 48 kuwa 84, mwanafunzi anaendelea kuona 48 kwa dakika kumi kwa sababu ya kache yako, nani atapigiwa simu? Si wewe. Ni mtunza mradi.

mpitiaji_mchovu

Naongea kutoka upande wa pili, nimewahi kutunza plagini kwa muda mrefu. Watu wanadhani tunanyamaza kwa dharau. Tunanyamaza kwa sababu tukibonyeza kuunganisha, mzigo unakuwa wetu.

Majukwaa ya masomo yana woga wake maalum. Chukua Moodle, ipo tangu 2002 na inakaa juu ya hifadhidata za aina tofauti: PostgreSQL, MySQL, MariaDB, SQL Server. Ukiandika SQL inayojua lugha ya MySQL peke yake, umewavunjia wengine wote, ndiyo maana wanataka upitie $DB, njia ya Moodle ya kuzungumza na hifadhidata zote. Ukigusa muundo wa majedwali, lazima uandike hatua ya kupandisha ndani ya db/upgrade.php na uongeze namba kwenye version.php, kwa sababu kuna shule itaruka kutoka toleo la zamani sana na data za wanafunzi halisi zikiwa ndani. Kisha tiketi yako yenye namba ya MDL (kwenye daftari la Moodle la kufuatilia kazi) inapitiwa na mwenzako, inaenda kwa timu ya uunganishaji, na inajaribiwa na mtu ambaye si wewe. Ni foleni, lakini inatembea.

Kolibri, jukwaa jingine la masomo, nayo ni Django kama mradi wako, lakini imetengenezwa kwa mahali pasipo na intaneti, na kwa kawaida data zake ziko kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, ndani ya mashine ndogo. Ukiwapelekea suluhisho linalolazimisha Redis, utakuwa umewauzia jenereta watu wa sola. Kwa hiyo kabla ya kuandika msimbo, jiulize jukwaa linaendeshwa wapi na nani.

Halafu jambo moja watu hawalifanyi: pitia PR za wenzako. Pakua tawi, liendeshe, andika ulichokiona. Ukipitia tatu nne, jina lako linakuwa la mtu anayejulikana, na yako inafunguliwa mapema.

nachukua_tawi_langu

Achana nao ndugu. Chukua nakala, endesha mradi wako. Programu huria maana yake nini sasa?

mpitiaji_mchovu

@nachukua_tawi_langu Maana yake ni kwamba viraka vyote vya usalama utakuwa unavivuta mwenyewe, kila toleo, maisha yako yote. Na asome leseni kwanza. Kolibri ina leseni ya MIT, mambo mepesi. Canvas na msimbo mkuu wa Open edX, majukwaa mengine ya masomo, ni leseni ya AGPL, ukiendesha toleo ulilobadilisha kwa watumiaji wa mtandaoni, unawajibika kuwapa msimbo wake.

dada_majaribio

Kaka, swali la pembeni. Haya marekebisho uliyaandika saa zako au saa za mwajiri?

fundi_wa_seva

@dada_majaribio Dah. Kama nusu niliandika kazini, tulikuwa tunaendesha jukwaa hilo kwa mteja.

dada_majaribio

Basi usitume chochote kipya mpaka upate ruhusa ya maandishi. Miradi mingi mikubwa inakutaka usaini makubaliano ya mchangiaji, na humo unathibitisha kwamba una haki ya kutoa huo msimbo. Kama mkataba wako unasema kazi zote ni za mwajiri, unasaini kitu kisicho chako. Meneja wengi hukubali kwa barua pepe ya mistari miwili, hasa ukiwaeleza kwamba kiraka kikiingia kwenye mradi mkuu wao hawatakitunza tena.

Kuhusu wasifu: usiandike "nimechangia bekiendi ya jukwaa la masomo". Kila mtu ameandika hivyo. Andika ukurasa gani, wanafunzi wangapi, kwiri ngapi kabla na ngapi baada, na kiungo cha PR. Weka na kiungo cha mapitio uliyowafanyia wengine. Mimi nikisaili mtu huwa nasoma alivyojibu alipokosolewa kuliko msimbo wenyewe.

fundi_wa_seva

Mrejesho baada ya wiki tatu. Ruhusa nimepata, meneja alijibu "sawa" bila hata nukta. Nimefunga ile PR kubwa na kufungua ndogo ya faili 3, jaribio likiwa la kwanza. Siku ya nne mpitiaji akauliza swali moja: wanafunzi waliojiondoa kwenye kozi wanaenda wapi?

Nikaandika jaribio la hilo, likafeli. Kwiri yangu mpya ilikuwa inawarudisha wote kwenye orodha ya alama, na ile PR ya faili 37 ilikuwa na kosa hilohilo miezi mitano yote niliyokuwa nalalamika.

Nimeongeza kichujio, imeunganishwa jana. Kwiri ni 10 sasa, si 9. Kache sijaigusa.