Laini ya mtoto wa skuli: kifurushi cha mwezi, cha wiki, MB kidogo au salio tupu?

BintFuoni
Assalam alaykum. Naomba ulinganisho wa wanaojua, si ushabiki wa mitandao. Mtoto yuko darasa la sita, ana miaka 11. Asubuhi skuli, alasiri chuoni (madrasa), na baina ya hapo yuko kwa bibi yake. Simu ni ya njiani na ya kwa bibi tu, skulini haingii nayo. Kima cha juu ni Sh 3,000 kwa mwezi. Ninayoyapima: (1) kifurushi cha mwezi cha dakika na SMS, (2) cha wiki, (3) simu janja yenye MB kidogo ili nimuone alipo kwenye ramani, (4) salio tupu bila kifurushi. Ipi, na kwa nini?

FundiDarajani
Waalaykum salaam dada. Kwanza tazama nani anampigia nani. Mtoto wa umri huo kazi yake kubwa ni kupokea, na anayepokea halipi. Basi dakika zinunue kwenye laini yako wewe, yeye mwekee salio tupu. Mimi nakwenda na namba 4.

Hesabu yake, na bei hizi ni za mfano tu, weka za mtandao wako: kifurushi cha wiki Sh 1,000 chenye dakika 60. Mwezi una wiki nne na siku za juu, kwa hiyo umeshavuka 4,000, nje ya kima chako. Akitumia dakika 5 kwa wiki, 55 zinakufa siku ya saba. Sasa salio: tuseme dakika moja bila kifurushi ni Sh 100 na mtandao unakata kwa sekunde. Simu kumi za nusu dakika, "nimefika", "nimetoka chuoni", ni dakika 5 kwa wiki, yaani Sh 500. Kwa dakika moja moja salio ni ghali, lakini halifi baada ya saa 24 wala siku 7. Kifurushi kinashinda pale tu mtoto anapozitumia kweli zile dakika.

Ila uulize kama mtandao unakata kwa sekunde au kwa dakika nzima. Ukikata kwa dakika, zile simu kumi ni Sh 1,000.

Mpemba_Wete
Nakubaliana na fundi kwenye hesabu, lakini nyote mmeruka jambo la kwanza: laini ishike pale mtoto anaposimama. Huku Pemba ni vilima na mabonde, na nyumba ya bondeni inaweza kukosa mtandao ambao juu barabarani umejaa. Usipime kwa simu yako janja. Yako inashika 4G, kitochi cha mtoto kinatafuta 2G, na hizo ni hali mbili tofauti mahali pamoja. Tia laini kwenye simu hiyo hiyo atakayobeba, nenda chuoni na kwa bibi, ingia chumbani (si uani), piga na uzungumze dakika mbili huku unatembea. Ikikatika mara moja, rudia. Ikikatika tena pahala pale pale, mtandao huo muache hata kama ni bure.

Ukikuta chuoni panashika mtandao mmoja na kwa bibi mwingine, nunua kitochi cha laini mbili. Ile ya pili usiiwekee kifurushi. Ila itumie mara moja moja, maana laini ikikaa miezi kama mitatu bila kazi inaweza kufungwa na namba kugawiwa mtu mwingine.

Mzee_wa_Malindi
Sisi tulikwenda chuoni bila simu na tukarudi.

BintFuoni
Kweli ami, lakini wakati huo barabara ya Fuoni haikuwa na bodaboda hizi. @FundiDarajani, dakika za kwangu ninunue za mtandao mmoja au mitandao yote?

FundiDarajani
Mtoto akiwa mtandao wako, nunua za mtandao mmoja. Ndizo rahisi karibu kila menyu. Ndiyo maana laini ya mtoto inafuata laini ya anayempigia zaidi, mama au bibi. Haifuati tangazo.

Na usiamini tarakimu za mwanzo. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake. Namba ya 077, ile ya Zantel ya zamani ambayo sasa iko chini ya jina la Yas, inaweza kuwa imeshahamia kwengine, na dakika zako za mtandao mmoja hazitaifikia. Utashangaa salio limeliwa huku kifurushi bado kimejaa. Muulize bibi mwenyewe yuko mtandao gani leo.

Wakala_Konde
Naongeza ya usajili, maana hapo ndipo watu wanapotupotezea nusu siku. Laini ya mtoto inasajiliwa kwa mzazi au mlezi, kwa namba ya NIDA na alama ya kidole. Uje mwenyewe, kidole hakitumwi na kaka mtu. Uje na namba ya NIDA, si ZanID (kitambulisho cha Mzanzibari) peke yake, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto ukichukue. Kidole kikikataa mara nyingi ni mafuta, hina mbichi au vidole vilivyochubuka kwa kazi. Osha, kausha, jaribu kidole kingine.

Ukimaliza piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama ipo usiyoijua, ifungishe siku hiyo hiyo. Na usikubali kabisa laini "iliyosajiliwa tayari" ya barabarani. Ikipotea huwezi kuirudisha, kwa sababu kidole cha mwenyewe hakipo.

Jengine: kwa kuwa laini ni kwa jina lako, akaunti ya pesa ya simu itakayofunguliwa humo ni yako. Kama huihitaji, usiifungue. Ukiifungua, weka namba ya siri ambayo mtoto haijui, na isiwe mwaka wake wa kuzaliwa. Meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" zinaingia hata kwa mtoto. Mfundishe asijibu, akuoneshe, nawe uitume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.

MwalimuChwaka
Niwapinge kidogo. Mtoto wa miaka 11, sawa, kitochi. Lakini ataingia Form One karibuni, na kazi za skuli nyingi zinapita WhatsApp. Kwa nini anunuliwe simu mara mbili? Simu janja ya bei ya chini yenye Android, unaweka Family Link ya Google, unaona alipo, unaidhinisha kila programu kabla haijaingia, na unaifunga saa tatu za usiku.

FundiDarajani
Maalim, kwa heshima zote. WhatsApp yenyewe inataka miaka 13, kwa hiyo kwa huyu bado miaka miwili. Na Family Link haitembei bila data: simu ya mtoto ikimaliza MB, ramani inakuonesha alipokuwa mara ya mwisho, si alipo, na kufuli jipya unaloliweka halimfikii mpaka apate mtandao. Meseji zake pia hutozisoma kwa programu hiyo. Inaona programu na muda, basi. Kwa Sh 3,000 kwa mwezi hapo hapatoshi, na betri ya simu janja ndogo ikifika alasiri imekwisha. Kitochi cha betri ya mAh 800 au 1,000 kinakaa siku kadhaa. Umeme ukikatika usiku mzima, asubuhi bado mtoto anapatikana.

MwalimuChwaka
Data hailiki hivo ukiitengeneza. Kinachokula ni video: saa moja ya ubora wa 480 inakaribia nusu GB. Maandishi ya WhatsApp hayafiki popote. Washa Kiokoa Data, weka kikomo cha data kwenye mipangilio ya mtandao, zima masasisho ya Play Store, na ndani ya WhatsApp zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Ukiacha hata kimoja wazi, kifurushi cha wiki kinakwisha usiku mmoja mtoto amelala.

Lakini ya miaka 13 umenishinda. Basi wa Form One ndio waichukue shauri yangu.

Mpemba_Wete
Ipo njia ya kati inayosahaulika. Simu janja ikae nyumbani bila laini, itumie data ya mzazi kwa hotspot au MiFi (kile kifaa kidogo cha Wi-Fi kinachotiwa laini). Njiani abebe kitochi. Data inanunuliwa mara moja kwa nyumba nzima. Shida yake moja: simu ikiona Wi-Fi inadhani ni mtandao usio na kipimo, ikaanza kushusha masasisho. Ingia kwenye jina la hiyo Wi-Fi, tafuta sehemu ya matumizi ya data, iambie ni mtandao unaopimwa. Hasa kwa MiFi.

Na jamani msinunue vile vitochi janja vya KaiOS (mfumo wa simu za batani zenye intaneti) kwa ajili ya WhatsApp. WhatsApp imeshaondolewa huko. Bado vinauzwa, na muuzaji hatokwambia.

BintFuoni
Nimeshaelekea kwenye kitochi na salio tupu. Hofu yangu sasa ni salio lenyewe: atapigia wenzake liishe Jumatatu.

FundiDarajani
Lipo kufuli ndani ya simu nyingi za batani: FDN. Ukiiwasha, simu inapiga namba ulizoziorodhesha tu. Ingia Mipangilio, sehemu ya usalama, tafuta FDN au namba maalumu. Itakuomba PIN2, si PIN ya kawaida. Mara nyingi iko kwenye kadi uliyobandulia laini. Kama haipo, ipate kwa huduma kwa wateja, namba 100. USIBAHATISHE. Ukikosea mara tatu inafunga na kudai PUK2, namba ya kuifungulia.

Kisha andika namba: yako, ya baba, ya bibi, ya dada mkubwa. Ziandike kwa +255 na mtoto apige kutoka kwenye orodha, asibonyeze tarakimu. Baadhi ya simu zinalinganisha tarakimu kwa tarakimu. Ukiandika kwa +255 naye akabonyeza kwa 0, inakataa, na atakwambia simu mbovu. Tia na 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto. Ile ya dharura, 112, inapita hata ukiwa umefunga.

Mawili ya kujua. FDN haizuii simu zinazoingia, yeyote mwenye namba yake atampata. Hapo tumia orodha ya kuzuia namba kama simu inayo. La pili, ikiwa imewashwa, simu nyingi zinakataa pia misimbo ya nyota, hata *102# ya kuangalia salio. Hilo mimi naliona faida. Hawezi kukopa salio, wala kujiunga na nyimbo za miito na jumbe za utabiri wa nyota zinazokata kidogo kidogo kila siku. Salio la mtoto linalopotea bila simu kupigwa, asilimia kubwa ni hayo mawili.

Wakala_Konde
La kukopa ni kweli tupu. Mzazi anarusha 1,000, inafika 400, anakuja kugombana na wakala. Deni la jana limekatwa kwanza.

Na vijidirisha vinavyojitokeza vyenyewe kwenye kitochi, mtoto anabonyeza sawa ili kiondoke, kumbe kajiunga. Vipo kwenye menyu ya laini yenyewe, tafuta pa kuvizima. Kabla ya kununua simu, piga *#06# upate IMEI (namba ya utambulisho wa simu yenyewe), itume kwenda 15090 uone kama inatambulika. Simu bandia zilizimwa nchi nzima Juni 2016 na mpaka leo watu bado wanauziwa.

BintFuoni
Sasa kama misimbo imefungwa, salio nitaliingizaje? Kila nikimjazia niizime FDN?

Wakala_Konde
Hapana dada. Vocha kwa *104* ndiyo itakayokataa. Wewe nunua salio kwa pesa ya simu kwenye simu yako, chagua namba nyengine, andika ya mtoto. Linaingia bila kugusa simu yake. Rusha 500 kwa wiki badala ya 2,000 kwa mara moja, na namba uliyoandika isome tena kabla ya kuthibitisha. Namba ikikosewa kwa tarakimu moja, salio la mtu limeshakwenda.