Jirani Mrundi anauza njugu Nairobi, ameshikwa. Anahitaji pemiti gani?

MamaPloti
Wadau hamjambo, naomba msaada. Ploti yetu huku Kawangware kuna vijana wa Burundi, asubuhi wanakaanga njugu, wanazifunga kwa vikaratasi za kumi na za ishirini, wanatoka na beseni mpaka usiku. Mmoja wao, kijana mpole sana, ameshikwa jana kwenye msako. Mwenzake anasema paspoti ilipigwa stempu vizuri tu mpakani na miezi sita haijaisha, sasa kosa ni gani jameni? Si tunaambiwa Afrika Mashariki ni moja? Na akitaka kuuza njugu kihalali anaomba nini?

Karani_Mstaafu
Mama, ile stempu ni ya kutembea, sio ya kufanya kazi, na hapo ndio wengi hushikwa. Protokali ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) ilianza Julai 2010, inataja wafanyakazi na hata mtu anayejiajiri, lakini haikufuta pemiti. Sheria ya uhamiaji ya 2011 nayo inasema ukifanya kazi bila pemiti faini inafika laki tano ama jela miaka mitatu ama zote mbili. Siku hizi kuna pemiti daraja R ya raia wa EAC, ila utaulizwa mwajiri ni nani, biashara imesajiliwa wapi, na mtu wa beseni hana cha kujibu. Halafu hata akiipata bado kuna leseni ya kaunti ya kuuza barabarani, hiyo hata Wakenya wengi hawana.

Mrembo_wa_Mayai
Mimi nauza mayai na smoki stendi ya matatu na nitasema ukweli, inauma. Natoa pesa ya leseni, nafukuzwa kila siku, halafu anakuja mtu hana kodi hana nini anaweka bei ya chini kuliko yangu. Sina chuki na hao vijana, wana adabu na wanafanya kazi kwa bidii, lakini na sisi tuna watoto wanataka fees. Serikali ichague, iwape karatasi walipe kama sisi ama ifunge mpaka.

Umurundi_Nbo
Dada mayai nakuelewa, lakini hiyo bei ya chini hatupangi sisi. Nilifanya hiyo kazi. Nyumbani faranga imeanguka, mafuta hakuna, mtu anakuja kijijini anasema Nairobi kuna kazi, nitakulipia basi. Ukifika anachukua paspoti eti anakutunzia. Jioni mnapanga foleni anahesabu pesa, anakata ya njugu, anakata ya chumba, anakata deni la basi, na deni haliishi. Ukishikwa wewe ndio unalala ndani, yeye kesho analeta mwingine. MamaPloti, uliza kwanza paspoti ya huyo kijana anayo nani.

Machinga_Kkoo
Huku Bongo walishafunga kabisa wakuu. Amri ya Julai 2025 imezuia wageni biashara 15, kutengeneza simu, saluni, kutuma pesa kwa simu na kadhalika, mgeni akikamatwa faini kuanzia milioni 10 au jela mpaka miezi sita na viza inafutwa, na Mtanzania atakayemkingia kifua naye ana lake. Kariakoo wengi tulishangilia kwa sababu ya Wachina wa rejareja, Wakenya wakalalamika sana. Ila mimi bado naona mtu mwenye duka la jumla na mtu wa beseni kuwekwa kapu moja sio haki hata kidogo.

Karani_Mstaafu
Umurundi amegusa penyewe. Kumshikia mtu paspoti ili umfanyishe kazi kunaingia kwenye sheria ya 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, na hapo kijana anakuwa mwathiriwa, sio mshtakiwa tu. Hilo lazima lisemwe mapema, kabla hajakubali kosa mahakamani, maana wengi wanakubali haraka ili watoke halafu wanarudishwa kwao mikono mitupu.

MamaPloti
Nimemuuliza mwenzake sasa hivi. Paspoti zote ziko kwa tajiri wao, hata ya yeye mwenyewe, na simu ya huyo tajiri imezimwa tangu jana. Asubuhi naenda na yeye ubalozi wa Burundi kwanza, kisha kituoni. Kama kuna anayejua wakili asiyelipisha anitumie inboksi leo usiku tafadhali.